Boti ya Fundi Barafu Imeshindwa Tena

Ngazi za ile ofisi zilikuwa nyembamba, mnazijua ngazi za ofisi za zamani, watu wawili wakipishana lazima mmoja avute tumbo ndani. Na Jumatatu asubuhi ndiyo balaa lenyewe. Wanaopanda wamebeba karatasi zao, wanaoshuka wamebeba hasira zao, na katikati yao anapanda mwanaume mmoja mrefu, shati limelowa jasho, kabeba injini ya boti begani.

Injini nzima jamani. Siyo kipande. Ile injini ya kuning'iniza nyuma ya boti, na pangaboi lake limetokeza nyuma kama mkia, linazunguka kidogo kila akikanyaga ngazi. Watu wanajibana ukutani. Mama mmoja akasema, "Leo tutaona mengi."

Juu kuna dada anashuka. Shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, sketi ya bluu, kalamu nyuma ya sikio, na shingoni kafunga kitambaa cha rangi ya chungwa, rangi ile ile ya majaketi ya kujiokolea majini. Akampisha yule mwanaume, akajibana, akapita. Lakini kitambaa hakikupita. Kitambaa kilinaswa na pangaboi.

"Kaka, usigeuke!"

Sasa mtu ukimwambia usigeuke, atafanya nini? Akageuka. Na dada wa watu akageuka naye, nusura abusu ukuta.

"Nimesema usigeuke!"

"Nani anaongea?"

"Mimi! Nyuma yako!"

Akageuka tena. Ilichukua watu watatu na mkasi wa karani kuwatenganisha. Dada akashika kitambaa chake, kimebaki nusu, akamtazama yule mwanaume kuanzia viatu mpaka injini.

"Hiki kitu unakipeleka wapi?"

"Kwenye dirisha la usajili wa boti. Nilipiga simu, wakaniambia njoo na namba ya injini."

"Namba."

"Ndiyo, dada. Na namba imechongwa kwenye injini. Ningeibandua vipi?"

"Si ungeinakili kwenye karatasi?"

Mwanaume akaitupia injini jicho. Injini haikumsaidia. Halafu akasema taratibu, "Hilo hawakuniambia."

Basi yule dada akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kile kicheko ndicho kilichommaliza bwana wetu. Injini hakuisikia tena begani. Wanasema alisimama pale akitabasamu na uzito wote ule kama mtu aliyebeba mto wa kulalia.

Huyu mwanaume mji mzima walimwita Fundi Barafu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu. Karakana yake ilikuwa na bati juu na joto chini, na friji mbovu zimejipanga kama wagonjwa wanaongoja daktari. Miaka yote anawapa watu ubaridi, mwenyewe anaokwa. Siku moja daktari wa meno mstaafu, aliyekuwa anahama mji, akamuuzia boti yake ya matembezi, boti nzuri ya bluu, viti viwili vya mbao na kibanda cha turubai. Fundi akamwambia shangazi yake, huyo aliyemlea, "Shangazi, kila Jumapili tutakuwa tunapunga upepo ziwani." Shangazi akaenda kununua kofia siku hiyo hiyo.

Lakini boti huiingizi majini hivi hivi. Kwanza usajili, ndiyo kama cheti cha kuzaliwa: upewe namba, uiandike ubavuni. Halafu mkaguzi aje aitazame, boti ipite. Ndipo utoke na hati ya umiliki, ya kusema huyu mtoto ana baba na baba mwenyewe ni wewe. Na mkaguzi alikuwa nani? Yule yule dada wa kitambaa. Watu wa boti walimwita Rula, kwa sababu hakuachana na rula yake ya chuma. Alipima nayo kila kitu, hata mkate wa chai.

Sasa kuna jambo moja Fundi hakulijua, na ndilo lililomtesa. Pale getini kulikuwa na askari mnene, wakimwita Kipaza, maana sauti yake haikuhitaji mashine. Kila asubuhi foleni ikianza alipanda kwenye kiti chake akatangaza: "Mwenye chombo haruhusiwi kumpa mkaguzi chai! Wala soda! Wala lifti! Wala kumtembeza! Mpaka faili lako litoke mezani kwake! Baada ya hapo, mkioana shauri yenu!" Watu walilijua tangazo hilo kama jina la mama zao. Fundi peke yake hakulisikia. Jumatatu ile, wakati linatangazwa, alikuwa kwenye ngazi.

Siku ya ukaguzi wa kwanza Rula alifika pale ufukweni wanapopakia na kupakua boti, kavaa buti za mpira na kofia ya kazi. Akaizunguka boti mara moja. Akaizunguka tena.

"Fundi, namba iko wapi?"

"Hiyo hapo ubavuni."

"Mimi naona boti tu."

"Sogea kidogo, mama. Inamisha kichwa. Enhe, hivyo hivyo. Umeiona?"

Namba ilikuwepo. Imeandikwa vizuri, kwa rangi ya bluu, juu ya boti ya bluu.

"Kwa nini bluu juu ya bluu?"

"Nilitaka zifanane."

Rula akaziba mdomo kwa rula. Haikusaidia, kicheko kikatoka pembeni. "Namba inatakiwa ionekane kutoka mbali, Fundi. Mtu akizama huko, wanaomtafuta waisome. Umeshindwa. Paka nyeupe, nitarudi wiki ijayo."

"Utarudi wewe mwenyewe?"

"Nani tena?"

Haya. Mtu mwingine akiambiwa ameshindwa hununa. Fundi alirudi karakana anapiga mluzi. Kichwani mwake hesabu ilikuwa rahisi kabisa: boti ikishindwa, Rula anarudi. Boti ikipita, Rula harudi.

Mnaona anakoelekea.

Na zile simu ndizo zilizomharibu kabisa. Rula alipiga kumpangia siku.

"Hii ni simu ya kikazi," alianza hivyo kila mara.

"Nimesimama wima kabisa, mheshimiwa."

"Ukaguzi ni Alhamisi. Boti iko salama?"

"Imelala vizuri. Imekuulizia."

"Mwambie namsalimia. Na mwenye boti?"

"Huyo hajalala tangu Jumatatu ile."

"Pole yake. Aache kubeba vitu vizito." Halafu, "Umekula?"

"Hilo nalo la kikazi?"

"Mmiliki mwenye njaa ni hatari kwa chombo. Kwaheri!"

Fundi akashusha simu akalikumbatia kopo la gesi. Alhamisi hiyo akajipa moyo. Kabla ukaguzi haujaanza akasema, "Dada Rula, pale juu wana chai nzuri na biskuti. Tukimaliza twende?"

Rula akainamisha uso, akapangusa rula kwenye sketi. "Fundi jamani. Unajua kabisa siwezi."

Yeye alimaanisha lile tangazo la getini. Lakini Fundi angejuaje? Alidhani ana mtu wake. Moyo ukamshuka mpaka kwenye soksi. Akajiambia basi, kama chai haiwezekani, angalau ukaguzi unawezekana.

"Majaketi ya kujiokolea?" akauliza Rula.

"Aa... hayapo."

"Hayapo? Si uliyanunua? Uliniambia kwenye simu."

"Yalikuwepo. Sasa hayapo."

Rula akashusha rula. Kale kauso kake kakanywea. Msimdhanie vibaya, yeye alikuwa anahesabu siku za faili lile kutoka mezani kwake. Alikuwa amenunua gauni, la njano, limetundikwa nyuma ya mlango linangoja hiyo chai. "Umeshindwa mara ya pili," akasema. "Fundi, nakuomba, safari ijayo upite. Unanisikia? Nakuomba."

Fundi akasikia vingine: Huyu ananichoka. Anataka nipite niondoke.

Mtu mwenye akili angetulia akauliza. Lakini mapenzi na kuuliza vizuri ni vitu viwili, havikai kiti kimoja. Fundi akaona ikiwa ndiyo mwisho, angalau ausogeze mbele kidogo. Safari ya tatu akaficha kizima moto na filimbi vilevile. Alivificha wapi? Ndani ya friji mbovu, pamoja na majaketi. Mlango akaufunga kwa kamba.

Rula akaja na kitambaa kipya cha chungwa, midomo kaipaka rangi kidogo. Watu wa boti nyingine wamekaa wanatazama, maana habari za boti hii zilishaanza kuwa burudani.

"Namba, nyeupe, safi. Taa, sawa. Majaketi?"

Fundi akatazama maji.

"Kizima moto?"

Akatazama mbingu.

"Hata filimbi, Fundi? Filimbi tu?"

Kabla hajajibu, ikasikika sauti kutoka barabarani. Ni shangazi, anakimbia, kofia yake mpya imemwangukia machoni, kizima moto kakibeba mgongoni kama mtoto, majaketi yamemvaa mikono yote miwili, filimbi iko mdomoni inalia kila akihema.

"Mwanangu! Pii! Umesahau vitu vyako! Pii! Nilikuwa natafuta pa kuweka nyanya, nikafungua friji, nikavikuta vyote! Pii! Tena umevifunga kwa kamba, nani atakuibia?"

Ufukwe mzima ukageuka kumtazama Fundi.

"Ulivificha?" akauliza Rula.

"Mimi..."

"Ulivificha makusudi ili boti ishindwe?"

Atasema nini mbele ya watu wote wale na shangazi anahema pii, pii? "Ndiyo," akasema.

"Kumbe ulikuwa hutaki kumaliza." Sauti yake ilikuwa ndogo, na afadhali angefoka. "Mimi nangoja upite, wewe unacheza. Wanaume wengine bwana, mnapenda simu tu na maneno matamu, ikifika kwenye jambo lenyewe mnajificha nyuma ya friji." Akaiweka karatasi gotini, akaipiga muhuri. "Mara tatu. Chombo kikishindwa mara tatu kinahamia kwa mkaguzi mkuu. Mimi na wewe hatuna kazi tena."

Akaondoka. Buti za mpira hazitoi sauti ya hasira, zinasema kwacha kwacha, lakini siku ile Fundi alizisikia kama nyundo.

Akampigia. Simu ikaita ikakata. Akampigia tena, ikapokelewa.

"Hii ni simu ya kikazi?" akauliza Rula.

"Hapana, mpenzi, ni—"

Tii, tii, tii. Ikakatwa.

Shangazi akamkuta kakaa juu ya friji, kashika kichwa. "Wewe mtoto, ulikuwa unaficha vitu vya usalama ili msichana arudi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na kumwambia unampenda, ulijaribu?"

"Nilimwita chai akakataa. Ana mtu."

"Amekwambia ana mtu?"

"Amesema najua kabisa hawezi."

"Na wewe unajua?"

"Sijui."

"Basi nenda kaulize! Karakana imejaa barafu mpaka kichwani mwako!"

Akaenda. Getini Kipaza akamtambua mara moja. "Ahaa! Bwana injini! Boti imeshindwa tena?"

"Kaka, nakuuliza kitu kimoja. Rula ana mchumba?"

"Mchumba? Yule? Tangu lini?" Kipaza akamtazama kwa huruma. "Wewe ndiye uliyemwita chai kabla ya ukaguzi? Alikuja hapa anacheka kama mtoto. Akaniuliza, huyu faili lake likitoka ataniita tena kweli?"

"Faili linahusika vipi na chai?"

Kipaza akashika kiuno. Akapanda kwenye kiti chake taratibu, akapanua kifua, akamtangazia peke yake, mwanzo mpaka mwisho. Wala soda. Wala lifti. Mkioana shauri yenu.

"Mimi hilo sijawahi kulisikia," akasema Fundi, rangi imemtoka.

"Mji mzima unanisikia!"

"Siku ile nilikuwa kwenye ngazi, kaka. Injini ilikuwa sikioni."

Sasa mkaguzi mkuu alikuwa mzee wa miwani mizito, hana haraka na hana mzaha. Alimwekea Fundi ukaguzi wa siku nzima. Akavuta kila kamba, akajaribu kila taa, akamvalisha shangazi jaketi akamwambia aruke ruke. Fundi alikuwa ameisugua boti ile mpaka ikang'aa kama sahani. Hakikukosekana kitu, hata kamba ya akiba ilikuwa na kamba yake ya akiba.

"Hii boti haina tatizo lolote," akasema mzee mwishoni, karatasi mkononi. "Ilishindwaje mara tatu? Lazima nijaze sababu."

"Mapenzi, mzee."

Mzee akavua miwani, akaitazama karatasi juu mpaka chini. "Hilo halina kisanduku," akasema, akapiga muhuri.

Fundi hakuipeleka hati nyumbani. Aliipeleka moja kwa moja kwenye zile ngazi nyembamba, shati jipya jeupe, viatu vimepigwa rangi, mikono mitupu. Akapanga foleni kama watu wote, akasogea na watu wote, mpaka akafika kwenye dirisha la usajili, alipokaa Rula siku asizokagua.

Rula hakuinua uso. "Shida yako?"

"Nimekuja kwa sababu sina faili kwako."

Kalamu ikasimama. "Basi umekosea dirisha. Anayefuata!"

"Anayefuata hana haraka," akasema mama aliyekuwa nyuma yake, akajisogeza asikie vizuri.

"Rula, nilikuwa naficha vile vitu ili urudi. Hayo tu. Boti ikipita nilijua huji tena."

"Ungenikaribisha chai baada ya kupita, kama watu wote!"

"Nilikukaribisha kabla, ukasema najua kabisa huwezi. Nikajua una mtu."

"Kipaza anapiga kelele kila siku!"

"Siku hiyo nilikuwa kwenye ngazi hizi. Na wewe ulikuwa umefungwa kwenye mkia wangu."

Rula akafumba mdomo kwa nguvu. Mabega yakaanza kutikisika. Akashika rula, akaiweka mbele ya midomo, na kama kawaida haikusaidia.

"Dada, mkubalie basi," akaita mwanaume mmoja kutoka mwisho wa foleni, "tunangoja muhuri huku!"

"Saa kumi," akasema Rula, machozi ya kicheko yanamtoka. "Nikitoka kazini. Na nitavaa njano, usije ukaniambia sionekani."

Walikunywa ile chai. Wakanywa nyingine. Jumapili zikaja, wakawa wanakwenda ziwani, shangazi mbele na kofia yake, wao nyuma kwenye usukani wanagombana nani ashike. Na Jumapili moja shangazi akajitia kichwa kinamuuma, akabaki nyumbani. Fundi akafika katikati ya maji, akazima injini.

"Imekufa?" akauliza Rula.

"Nimeizima nisikike. Rula, mpenzi wangu, nataka tuoane."

Rula akakaa sawasawa. Akachomoa rula kwenye mkoba. Akampima kutoka kidevu mpaka kifua.

"Umekuja na nini?"

"Na mimi mwenyewe."

"Peke yako? Umeshindwa," akasema, na macho yake yalikuwa yanasema vingine kabisa. "Taratibu unazijua. Njoo nyumbani kwa mama, na wazee wako."

"Wazee wangapi?"

"Wote."

Jamani, kuna watu wa kuambiwa wote, na kuna Fundi Barafu.

Jumamosi ile, mama yake Rula alikuwa anafagia mlangoni akasikia kelele mtaani. Akainua kichwa. Inakuja pikapu ya kubebea friji, inakwenda polepole, nyuma yake inavuta trela, juu ya trela kuna boti ya bluu yenye namba nyeupe ya kuonekana kutoka mbali. Na ndani ya boti wamejaa wazee. Wajomba na makoti yao, mama wakubwa na vitambaa vyao vya hariri, bibi mmoja asiyesikia anapungia watu mkono kama yuko kwenye sherehe, na kila mmoja wao kavaa jaketi la chungwa la kujiokolea.

Ufagio ukamdondoka mama wa watu. "Jamani! Mafuriko yako wapi?"

"Hakuna mafuriko, dada yangu!" akajibu shangazi kutoka mbele kwenye pua ya boti. "Tumekuja kuposa!"

Rula akatoka ndani na lile gauni la njano. Alipoona, akasimama. Halafu akakanyaga gurudumu la trela, akachungulia ndani ya boti.

"Wewe mtoto, shuka! Bibi harusi hakagui wageni!" mama yake akapiga kelele.

"Dakika moja, mama. Majaketi?"

"Kila mtu lake," akasema Fundi, kashuka kwenye pikapu, jasho linamtiririka kama siku ile ya ngazi.

"Kizima moto?"

Mjomba mkubwa akakiinua juu kwa mikono miwili.

"Filimbi?"

Shangazi akapuliza mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakajibu.

Rula akamgeukia mwanaume wake. Akamtazama taratibu, kama anatafuta kasoro. "Na namba ya injini?"

Fundi akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kikaratasi kilichokunjwa vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Safari hii nimeinakili," akasema.

Rula akakisoma, akacheka mpaka akaegemea boti, na wazee wote mle ndani wakacheka bila kujua wanacheka nini. Akachomoa kalamu nyuma ya sikio, akaandika neno moja chini ya ile namba, akamrudishia.

Umepita.